Mjadala: Tukio lisilotoa chozi bila muziki, lina nguvu kweli?

Mwanzisha mada

Wakuu, kuna jambo linanisumbua tangu wiki iliyopita. Nilikuwa narudia Demon Slayer, ile anime (katuni ya Kijapani), msimu wa kwanza wa 2019, na mdogo wangu yuko pembeni. Tulipofika sehemu ya 19, kijana Tanjiro akipambana na zimwi Rui, ule wimbo ukaanza na dogo akafuta macho. Nikarudisha nyuma, nikazima sauti kabisa, tukaangalia upya. Akatazama mpaka mwisho, akasema, "Picha nzuri." Basi, akainuka kwenda kunywa maji.

Wimbo ule ni wa mtunzi Go Shiina, umeimbwa na Nami Nakagawa. Hausubiri kipindi kiishe, unaingia pigano likiwa limepamba moto, kisha unaendelea mpaka majina ya watengenezaji yanapopita. Unakwenda polepole, kama mtu anabembeleza mtoto, huku kwenye skrini upanga unakata nyuzi za Rui. Kwa hiyo nauliza: kilichomliza mdogo wangu ni habari ya Tanjiro na dada yake waliobaki peke yao baada ya familia kuuawa, au ni sauti ya yule dada tu?

Msimamo wangu nauweka wazi. Naona tunasifia sana muziki unapopanda na kusahau pale unapokatwa. Chukueni Evangelion, anime ya 1995 ya vijana wanaoendesha majitu ya vita. Katika sehemu ya 22 wasichana wawili, Asuka na Rei, wamesimama ndani ya lifti, hakuna anayesema, hakuna muziki, ni mvumo wa lifti tu, karibu dakika nzima. Chuki ya mmoja na ukimya wa mwenzake unavihisi kooni. Sehemu ya 24 inafanya kinyume: picha imesimama, jitu analoliendesha kijana Shinji limemshika rafiki yake Kaworu mkononi, halichezi hata kidogo, na kwaya ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven inaimba furaha. Unasubiri. Kisha muziki unakatika, na ndipo unajua Shinji ameamua nini.

Sasa linganisheni na yaliyoipata Laputa, filamu ya katuni ya mwongozaji Miyazaki ya 1986. Filamu ina dakika 124, na muziki wa mtunzi Joe Hisaishi ulikuwa wa kama saa moja tu, sehemu nyingine zote zimeachiwa upepo, mashine na hatua za watu. Disney walipotengeneza toleo la Kiingereza, Hisaishi huyohuyo alitunga upya na kuongeza mpaka ukafika kama dakika 90. Anavyoeleza, watu wa Disney walisema kwamba watazamaji wa nje ya Japani hawastarehe muziki ukikosekana kwa zaidi ya dakika 3. Mimi ni wa nje ya Japani na jambo hilo linaniuma. Nani aliyesema siwezi kukaa na ukimya?

Karibuni.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, jaribio lako halikuwa la haki. Umetoa bizari kwenye pilau halafu unailaumu nyama. Mbona hakuna anayefumba macho, akasikiliza wimbo peke yake, kisha akasema picha haikuwa na kazi? Sauti ni nusu ya kitu chenyewe.

Na si kweli kwamba siku zote picha inatangulia na muziki unafuata kama mtumwa. Mwongozaji Shinichiro Watanabe amewahi kueleza kwamba kwenye anime yake Cowboy Bebop ya 1998, mtunzi Yoko Kanno alikuwa akimletea nyimbo ambazo hakuziagiza, na baadhi zikamfanya abuni matukio mapya. Mwongozaji Makoto Shinkai na bendi ya Radwimps, kwenye filamu ya Your Name ya 2016, walikuwa wakirudishiana kazi huku na huku, wimbo unabadilisha tukio na tukio linabadilisha wimbo. Hapo utasema lipi ni la asili na lipi ni kiraka?

Mchangiaji wa 2

Nyote mnazungumzia filamu na vipande maalumu. Ngoja niwarudishe kwenye kazi za kila wiki, kwa sababu hali ni tofauti sana.

Kwa anime nyingi za televisheni, mtunzi hatungi akiwa anaangalia tukio. Mwongozaji wa sauti anamwandikia orodha: nipe kipande cha huzuni ya utulivu, kipande cha hatari inayokaribia, kipande cha nyumbani asubuhi. Kila kimoja kinapewa namba inayoanza na herufi M. Vinarekodiwa vyote, mara nyingi hata picha hazijakamilika, kisha vinachaguliwa na kupangwa juu ya matukio. Ndiyo maana ule wimbo wa huzuni wa Toshio Masuda kwenye Naruto ya 2002 tuliusikia mara nyingi mpaka sasa ukipigwa popote watu wanainamisha vichwa. Kwa hiyo mwanzisha mada, unayemlaumu au kumsifu si mtunzi peke yake. Kuna mtu aliyekaa akaamua kipande kianze kwenye neno gani na kiishie wapi. Jina lake linapita mwishoni na hakuna anayelisoma.

Kwenye ile michezo ya kusoma ni vigumu zaidi. Naisema kwa ambao hawajaigusa: ni hadithi ndefu kwenye kompyuta, maandishi chini, picha juu, na kila ukibofya sentensi inayofuata inakuja. Mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ilipotoa Otogirisō kwa mashine ya michezo ya Super Famicom, iliita aina hiyo "riwaya ya sauti". Tangu mwanzo walijua sauti ndiyo inayobeba maandishi.

Tatizo ni kwamba mtunzi hajui unasoma kwa kasi gani. Mwenzako anamaliza ukurasa kwa sekunde 5, wewe unakaa nusu dakika kwa sababu sentensi imekuchoma. Hawezi kupanga ngoma ipige kwenye neno fulani. Kipande kinazunguka tu, kinarudi mwanzo, kinarudi tena. Alichobakiwa nacho mwandishi ni amri mbili: anza, na acha. Na "acha" inatii kidole chako. Umebofya mwenyewe, muziki umekufa mkononi mwako. Higurashi, nayo ya aina hiyo, iliyoanza kuuzwa Tokyo mwaka 2002, imejengwa juu ya hilo. Jina lenyewe ni la nyenze wanaolia jioni za kiangazi. Unakaa na watoto wa kijiji wakicheza karata, muziki mchangamfu, saa nzima, umeshasahau kwamba unasikia chochote. Halafu kwenye sentensi moja vyote vinanyamaza. Mimi niliondoa mkono kwenye kipanya.

Kwa hoja ya ukimya, niko na wewe mkuu. Ila ukimya ule ulinunuliwa kwa saa nzima ya muziki.

Mchangiaji wa 3

Naomba nami niseme, ingawa anime nimeziona chache kuliko nyinyi.

Bibi yangu alikuwa akitupa hadithi usiku, na kila hadithi ilikuwa na wimbo wake ndani. Alianza yeye, tukaitikia. Mara ya kwanza msichana anauimba akienda mtoni, tunaitikia kwa kupiga makofi. Mara ya pili anauimba akiwa amepotea, tunaitikia taratibu. Mara ya tatu msichana hayupo tena, na wimbo unatoka ndani ya mti au tumboni mwa zimwi. Maneno ni yaleyale. Bibi hakuwa hata akibadilisha sauti. Tulishindwa kuitikia.

Sasa kaka, ukinieleza kwamba tukio lisilosimama bila wimbo ni dhaifu, unaniambia hadithi za bibi zilikuwa dhaifu. Siwezi kulikubali hilo. Wimbo ule haukuongezwa juu ya hadithi. Tulikuwa tumeubeba wenyewe tangu mtoni.

Mchangiaji wa 1

Dada umesema kile nilichoshindwa kukisema. Niongeze kidogo tu: sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuliangalia sinema zilizotafsiriwa, msimuliaji anaongea juu ya kila kitu, muziki unashushwa mpaka hausikiki. Na bado watu walilia. Lakini walilia kwa sababu msimuliaji alijua kushusha sauti, kukokota neno, kunyamaza kabla ya kifo. Yeye ndiye aliyekuwa muziki. Hatujawahi kuwa na tukio "tupu", ndugu zangu.

Mwanzisha mada

Nimesoma mara mbili. Hadithi ya bibi imenirudisha kwenye Clannad, mchezo wa kusoma wa 2004 wa kampuni ya Key uliofanywa anime na Kyoto Animation kuanzia 2007. Msichana wa humo, Nagisa, anapenda wimbo wa kitoto wa dango, vile vidonge vya unga wa mchele, familia kubwa ya dango. Mwanzoni ni upuuzi mtamu. Kipande cha chinichini kinachobeba jina lake ni wimbo uleule, umepunguzwa mwendo. Kwenye anime ndio uliofunga vipindi vya msimu wa kwanza. Anausimamia jukwaani, anauimba mwenyewe. Anayejua yanayofuata anaelewa kwa nini baada ya hapo noti chache tu zinatosha kukuvunja.

Kwa hiyo narekebisha swali langu. Kumzimia dogo sehemu ya 19 hakukupima kitu. Kilichotakiwa ni kumpa mtu ambaye hajaona sehemu 18 zilizotangulia, sauti ikiwa wazi, tuone kama wimbo peke yake utamliza. Akilia, basi hofu yangu ya mwanzo ilikuwa ya kweli, tunachezewa. Asipolia, dada ameshinda.

Kuhusu Laputa sijalegeza kamba. Pale hakuna aliyekuwa amebeba kitu tangu mtoni, ukimya ulijazwa kwa kuwa watu fulani walidhaniwa hawauwezi.

Mchangiaji wa 2, mchezo wa Clannad una sehemu ya mipangilio ya kushusha muziki peke yake na kuacha sauti za wahusika. Jumamosi naanza upya kwa muziki sifuri, mpaka siku ya jukwaani, halafu naufungulia hapo kwa mara ya kwanza. Nitarudi kuwaambia nilichosikia.