Binti yangu mwenye usonji anateseka kila hedhi, na kipimo cha ndani kimemtisha. Nifanyeje?

Mama Binti, Tanga

Naomba ushauri wa wenye ujuzi na wa wazazi waliopitia njia hii. Binti yangu ana miaka 17, ana usonji, na husema maneno machache ingawa anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani. Tangu alipovunja ungo, siku 2 kabla ya kila hedhi hujipiga kichwani, hukataa chakula na hataki kuguswa. Miaka yote tuliambiwa kwamba huo ndio usonji wenyewe. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali, akalazwa kitandani ili achunguzwe ukeni bila kuelezwa lolote, na alipopiga kelele wakamshika miguu. Nikawazuia, tukaondoka. Sasa hakubali hata kupimwa joto. Ndugu wanashauri afungwe kizazi ili apumzike, wakidai kwamba kwa kuwa hataolewa hapungukiwi na kitu. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kuwajibu.

Mkunga wa Zamu

Pole sana, dada, na umfikishie binti pole yangu. Ulifanya vyema kuwazuia. Kwa msichana wa umri wake ambaye hajaanza kujamiiana, kipimo cha ndani hakihitajiki ili matibabu ya maumivu ya hedhi yaanze, na daktari akitaka kuutazama mfuko wa uzazi, altrasaundi ya juu ya tumbo hutosha kwa mwanzo. Mzoeze mapema kunywa maji na kusubiri, kwa sababu kibofu hutakiwa kijae, na hali hiyo peke yake inaweza kumsumbua.

Maumivu hayo husababishwa na prostaglandini, kemikali zinazoukaza mfuko wa uzazi. Ibuprofeni huzuia kutengenezwa kwake, kwa hiyo hufaa zaidi ikitolewa pamoja na chakula mara tu dalili zinapoanza, si baada ya maumivu kupamba moto. Kama binti ana pumu au vidonda vya tumbo, muulize daktari kwanza. Zile siku 2 unazozitambua ni taarifa ya thamani, ziandike kwenye kalenda kila mwezi. Asipopata nafuu, zipo njia za homoni, kwa mfano vidonge vya uzazi wa mpango. Lakini niambie: je, anatumia dawa za kifafa? Kabamazepini na fenitoini hupunguza nguvu za vidonge na za vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, ilhali sindano ya uzazi wa mpango haiathiriwi nazo, ingawa nayo hupunguza uimara wa mifupa ikitumika kwa muda mrefu.

Kuhusu ndugu, wajibu hivi: kufunga kizazi ni kufunga mirija tu. Hedhi itaendelea kuja na maumivu yatabaki palepale. Wala hakumkingi na mtu mwenye nia mbaya, bali humwondolea mtu huyo hofu ya kujulikana. Isitoshe, Ibara ya 23 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inalinda haki yao ya kubaki na uwezo wa kuzaa sawa na watu wengine.

Msomaji wa Nairobi

Shikamoo mama. Mimi mwenyewe nina usonji, na nina miaka 24. Nilipokuwa mdogo sikuweza kutofautisha njaa na maumivu ya tumbo. Nilichojua ni kwamba mwili wote umegeuka adui. Nilikuwa nimeambiwa kwamba nitakuwa mkubwa, lakini hakuna aliyetaja damu, kwa hiyo nilipoiona niliamini kwamba ninakufa. Tafadhali mtajie kila kiungo kwa jina lake. Kabla ya kurudi kwa daktari, mchoree hatua kwa mpangilio, aguse glavu na kile kifaa cha baridi kinachopakwa jeli, na mkubaliane ishara moja ya mkono yenye maana ya "acha", ambayo daktari ataitii papo hapo. Ishara isipotiiwa hata mara moja, hataiamini tena. Mpe pia pedi za kitambaa ajaribu, kwani plastiki inaweza kuwa ndiyo inayomchoma.

Mama wa Mombasa

Kwetu mwari hupewa somo wa kumfunza. Wangu alirukwa, wakisema haelewi. Nilimwomba dada yangu awe somo wake, akamfunza kwa mwanasesere, wiki baada ya wiki, namna ya kubadilisha pedi, na nani anaruhusiwa kumgusa, wapi na kwa nini. Leo hubadilisha mwenyewe.

Mama Binti, Tanga

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mkunga, binti anameza kabamazepini asubuhi na jioni tangu akiwa na miaka 9, na hakuna daktari wa hedhi aliyewahi kuniuliza. Jumatatu nitakwenda peke yangu kwanza, nikiwa na kalenda na orodha ya dawa, nimwombe daktari tukutane mara ya kwanza bila kipimo chochote. Ishara ya "acha" ameichagua mwenyewe jioni hii: kiganja juu ya kifua.