Señora de Cao wa Peru: alitawala kweli au alikuwa mke wa mkubwa?

Kalamu_Nyekundu:
Habari zenu wakuu. Tangu juzi nasoma habari za yule mama wa kale wa Peru aliyekutwa kaburini pale Huaca Cao Viejo, ile piramidi ya matofali ya udongo kwenye bonde la Chicama, kaskazini mwa nchi karibu kabisa na bahari, na kwa kweli nimeshindwa kumtoa kichwani. Kwa ambao hamjamsikia, mwaka 2005 timu ya mwanaakiolojia Régulo Franco ilifungua kaburi ambalo wezi hawakuwahi kulifikia, 2006 ndo dunia ikatangaziwa. Wakampa jina la Señora de Cao, yaani Bibi wa Cao, kwa sababu Wamoche, watu wake wa kale wa pwani ile, hawakuwa na maandishi na jina alilopewa na wazazi wake alikwenda nalo. Alifariki kama miaka 1,600 iliyopita, binti wa miaka ishirini na kitu, mfupi, mita moja na nusu hafikishi.

Sasa swali langu. Karibu kila mahali wameandika kwamba ni mtawala mwanamke, wengine wanamwita malkia kabisa. Tunajuaje? Mtu akizikwa na dhahabu nyingi si anaweza tu kuwa mke wa mkubwa au binti aliyependwa sana na baba yake? Sibishi jamani, nataka kueleweshwa ni kitu gani hasa mle kaburini kinachosema huyu mama alishika madaraka.

mfumaji77:
Mkuu umeuliza penyewe. Dhahabu peke yake haisemi kitu, angalia silaha. Kwenye mzigo wa maiti yake kulikuwa na marungu mawili makubwa ya kivita yaliyovikwa shaba yenye rangi ya dhahabu, pamoja na vifaa 23 vya kurushia mikuki. Kwenye vyungu na kuta za Wamoche marungu ya namna hiyo yako mikononi mwa wapiganaji na wakubwa wao, na kabla ya hapo watu waliyazoea kwenye makaburi ya wanaume, kwa mfano yule Bwana wa Sipán, mtawala mwanaume wa Kimoche aliyefukuliwa 1987. Ndo maana watu walishtuka walipofika kwenye mwili wakakuta ni mwanamke, manake hadi hapo wengi waliamini kwamba Wamoche walitawaliwa na wanaume tu.

Ila kinachonigusa mimi ni kwamba humo humo kulikuwa na sindano na vitu vya kusokotea nyuzi. Hawakumpa rungu wakamnyang'anya sindano, wamemzika na vyote. Alafu kuna mapambo ya pua 44, hebu fikiria idadi hiyo kwa mtu mmoja. Usifikirie kipini kidogo, haya ni mabamba membamba ya dhahabu na fedha yanayoning'inia puani mpaka yanaufunika mdomo, kwahiyo aliposimama mbele za watu juani walichokiona pale panapotoka maneno ni dhahabu na fedha inayomeremeta. Mke tu wa kupambwa hahitaji mapambo 44 ya kuficha mdomo, hayo ni mavazi ya mtu anayesimama mbele ya umma mara kwa mara. Huo ni mtazamo wangu lakini nauamini.

Bi_Mwanaidi:
Asante ndugu zangu kwa mada hii. Mi naomba tumtazame yeye mwenyewe kabla ya mali zake. Walimfunga kwenye matabaka 26 ya nguo, pamba juu ya pamba, wakafunga vitu vyake humo katikati ya matabaka, na waliomfungua wakaenda pole pole tabaka kwa tabaka kwa miezi. Walipofika ndani wakakuta ngozi. Sio mifupa, NGOZI. Ukanda ule wa pwani ni jangwa, mkondo baridi wa bahari unazuia mvua isipokuwa miaka ya El Niño, na mwili wake ulikuwa umepakwa unga mwekundu wa madini ya zebaki, basi umekauka ukabaki na nywele zake ndefu zilizosukwa.

Na mikono ina tatuu! Nimekaa na picha moja ya mkono wake muda mrefu sana. Ngozi imekuwa kahawia kama gome la mti, alafu juu yake michoro imebaki ya samawati iliyoiva, nyoka wanapanda kwenye mkono na buibui wako kati yao, hadi kwenye miguu michoro ipo. Wataalamu wanahusisha wale wanyama na maji na rutuba ya ardhi, na ukizingatia watu walilima jangwani kwa mifereji ya kutoka mtoni unaelewa kwanini mtu wa kuomba maji angebeba alama hizo mwilini mwake maisha yote. Hiyo huwezi kuivua ukirudi nyumbani.

Mwili pia unaonyesha kwamba alishawahi kuzaa, na waliompima wanaona huenda ni uzazi ndio uliomuondoa. Hapo ndo moyo unaniuma kwakweli. Silaha zote zile, na uzazi ukamchukua kama ulivyowachukua wanawake wengine wasiohesabika.

Nahodha_wa_Usiku:
Naomba niwe mbishi kidogo kwa nia njema. Kwanini isiwe kuhani? Mwaka 1991 pale San José de Moro, bonde la Jequetepeque, walifukua kaburi la mwanamke wa Kimoche aliyezikwa na bilauri na taji linalofanana moja kwa moja na mwanamke anayechorwa kwenye ile ibada ya kutoa damu ya mateka, anaonekana kabisa ameshika bilauri anaipeleka kwa mkubwa. Wale tunawaita makuhani wa kike, mara nyingi hawaitwi malkia. Kwahiyo huyu wa Cao angeweza kuwa mtu wa ibada tu, na marungu yakawa ya ibada.

mfumaji77:
@Nahodha_wa_Usiku hoja yako nzito, ila mi naona tunawatenganishia Wamoche vitu ambavyo wao hawakuvitenganisha. Kwenye hiyo hiyo Huaca Cao Viejo kuta za uwanjani zina sanamu za mateka wako uchi wamefungwa kamba shingoni wanatembezwa kwa mstari. Vita, mateka, ibada, mvua, mavuno, ni kamba moja. Anayesimama juu ya piramidi hiyo kupokea damu ndiye huyo huyo anayeamua maji yaende shamba gani. Alafu usisahau Wahispania walipofika karne ya 16 waliandika kwamba pwani ya kaskazini, upande wa Piura, walikuta wanawake wenye utawala, capullana ndo wakiwaita. Kuna pengo la miaka mingi sana katikati sikatai, ila hilo wazo la mwanamke kutawala halikuwa geni pale.

Kalamu_Nyekundu:
Aisee, kuhusu hizo kamba shingoni, si kuna binti alizikwa nae akiwa na kamba shingoni? Nilisoma nikafunga simu.

Bi_Mwanaidi:
Ndiyo mwanangu, alikuwepo. Kijana mdogo, kamba ya nyuzi za mimea bado iko shingoni. Miaka yote watu walidhani ni mtumishi. Mwishoni mwa 2024 ukatoka utafiti wa DNA wa watu sita waliozikwa kwenye hekalu lile, na wote ni ndugu wa damu. Yule binti wa kamba inaonekana alikuwa mtoto wa kaka au dada yake Señora. Shangazi yake au mama yake mdogo ndo huyo aliyezikwa nae. Nililisoma hilo jikoni nikakaa chini.

Na hapo ndo nakujibu swali lako la mwanzo, maana ulisema pengine ni mke wa mkubwa. Aliozikwa nao ni ndugu zake wa damu, wa ukoo wake. Mke anakuja kutoka ukoo mwingine, huyu amelala katikati ya damu yake mwenyewe, na ndiye aliyebebeshwa silaha. Cheo kile alizaliwa nacho, hakukipata kwa kuolewa.

Nahodha_wa_Usiku:
Duh, hiyo ya DNA sikuwa nayo. Basi narudi nyuma, kuhani anaweza kuwa kuhani na bado akawa mwenye ukoo. Yuko wapi sasa hivi?

mfumaji77:
Yuko pale pale El Brujo, ndo jina la eneo la kale lenye hiyo piramidi, makumbusho ya Cao yalifunguliwa 2009 hatua chache kutoka piramidi. 2017 walitengeneza na sura yake kwa 3D kutokana na fuvu, inatazama mbele tulivu kabisa. Mwili wenyewe uko kwenye chumba maalum chenye ubaridi uliopimwa, na mgeni hamwangalii moja kwa moja, anaona taswira yake kwenye kioo cha kujitazamia.