Tupeane uzoefu: kukarabati trela kuukuu la kulala kwa mikono yako mwenyewe

MwanaMinnesota (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Watu wetu wengi huku Marekani na Ulaya wameanza kununua matrela ya zamani ya kutembelea, yale ya kuvutwa na gari yenye kitanda, jiko na meza ndani, kwa sababu bei ya jipya haishikiki. Nimefungua uzi huu tuelezane tuliyoyapitia, maana video za mitandaoni zinaonyesha rangi na mapazia tu. Kilicho nyuma ya ukuta hawakionyeshi. Naanza mimi.

Langu ni la mwaka 1972, urefu futi 16, bati la aluminiamu nje, mbao ndani. Muuzaji alikuwa ameshalipiga rangi mpya na lilipendeza kweli. Kabla ya kutoa hela niliingia na tochi na bisibisi nyembamba. Nikafungua makabati yote, nikachoma mbao kwenye pembe nne, chini ya kila dirisha na kuzunguka tundu la hewa la darini. Mbao ikiwa nzima, bisibisi inagoma. Pembe ya nyuma kulia bisibisi ilizama hadi mpini. Nikamwonyesha, akashusha bei, nikalichukua nikijua kinachonisubiri.

Sasa sikilizeni, hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Adui wa matrela haya ni maji, na maji hayapiti kwenye bati. Yanapita kwenye maungio: pale paa linapokutana na ukuta, kingo za madirisha, taa za nyuma, tundu la hewa. Kiwandani waliziba kwa utepe wa gundi laini, na gundi hiyo ikizeeka inakauka na kupasuka. Tone linaingia juu, linateremka ndani ya ukuta, linakwenda kutulia chini ukuta unapokalia sakafu. Ndiyo maana unakuta sakafu imeoza pembeni na katikati ni nzima kabisa. Mtu anabadilisha sakafu, anaweka kapeti safi, na baada ya masika mawili anaanza upya kwa sababu paa hakuligusa. Kwa hiyo paa na maungio kwanza, halafu chasi, halafu fremu ya mbao, nyaya, sakafu. Rangi na mapazia mwisho kabisa.

Bati za ukuta za aina hii zimeshikana, ya juu imeikumbatia ya chini. Unavua kuanzia juu, unarudishia kuanzia chini. Andika namba nyuma ya kila bati kwa kalamu ya wino mzito na upige picha kila hatua. Na mbao iliyooza usiitupe haraka, hiyo ndiyo vipimo vyako. Ile ya pembe yangu ilikuwa inamomonyoka vidoleni kama mkate uliolowa, nikailaza vipande vipande juu ya plaiwudi, nikapitisha penseli pembeni, na kutokana na mchoro huo nikakata mpya. Mkunjo ulikaa sawasawa na bati lilivyo.

Ombi moja zito: silikoni ya bafuni isiguse paa la trela. Ikizeeka hakuna kitu kinachoshika juu yake, hata silikoni nyingine, na kuikwangua ni adhabu. Kwenye pembe na madirisha tumia utepe wa butili (mpira laini unaonata), na juu ya paa ile dawa ya kuziba ya matrela inayojitandaza yenyewe ikimiminwa.

Karibuni.

Dereva_wa_Masafa, Ohio

Mkuu umeongea. Mimi ni dereva wa lori, kwa hiyo naongelea chini, maana kila mtu anaangalia ndani na kusahau kwamba hiki kitu kinakwenda barabarani maili 60 kwa saa na familia ipo mbele.

Tairi: zisikudanganye kwa kashata nzuri, yaani yale meno ya mpira. Trela linakaa uani miaka, mpira unazeeka bila kutembea. Angalia tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. Ukikuta 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikipita miaka 6 mimi nazing'oa, hata zikiwa na kashata yote.

Beringi: ukinunua trela kuukuu, usiamini neno la mtu kwamba "ilipigwa grisi juzi". Vua magurudumu yote, toa beringi, osha, kagua, jaza grisi mpya hadi itokeze upande wa pili, weka sili mpya na pini mpya. Baada ya hapo rudia kila mwaka au kila maili 12,000. Beringi ikikauka barabarani inashika moto na gurudumu linaweza kuchomoka. Nimeshapita matrela ya namna hiyo pembeni mwa barabara, ekseli imelala kwenye lami.

Uzito: haya matrela ya zamani yalijengwa mepesi. Kuna kibandiko au kibao kinachosema uzito wa mwisho unaoruhusiwa, tafuteni. Watu wanatoa plaiwudi nyembamba wanaweka mbao nzito, vigae, kaunta ya jiwe, halafu wanashangaa trela linayumba. Nenda kituo cha malori, pima kwenye mzani kabla hujaanza kazi na upime tena ukimaliza, gharama yake ni ndogo sana. Na uzito unaokalia ndoano ya gari uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela zima. Trela la paundi 3,000 ndoano ibebe paundi 300 hadi 450. Ukipungua chini ya hapo, mkia unaanza kulivuta gari. Kwa hiyo ukihamisha kitanda au tangi la maji kwenda nyuma, ujue umehamisha na mzani.

Tena mkiwa na safari ya Indiana, pitieni Elkhart. Sehemu kubwa ya matrela ya Marekani yanatengenezwa mji ule na vijiji vyake, na yapo maduka yanayouza mabaki ya viwandani: madirisha, milango, sinki, bati, vitasa. Kwa anayekarabati, ni pa kushinda mchana mzima.

Binti_Tanga, Leeds

Asanteni kaka zangu. Huku Uingereza tunaita karavani na ujenzi wake wa sasa ni tofauti kidogo. Ukuta ni tabaka zilizogundishwa, kwa hiyo uozo hauonekani hadi umechelewa. Kuna kipima unyevu, kidude cha mkononi chenye pini mbili. Ukisoma chini ya asilimia 15 uko salama. Ukivuka 20 kuna maji yanaingia mahali, tafuta. Mimi siendi kutazama karavani bila hicho kipimo, na ninapima hasa pembe za mbele, chini ya madirisha makubwa, na ndani ya makabati ya juu.

La kwangu maji yalikuwa yanapita kwenye ile reli ndefu ya aluminiamu ambayo tenti ya pembeni inachomekwa. Ina skrubu nyingi, na kila skrubu ni tundu. Mume wangu na mimi tuliivua yote, tukakwangua dawa ya zamani kwa kipande cha plastiki ili tusichane bati, tukasafisha kwa spiriti, tukapaka dawa mpya isiyokauka, tukairudisha kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Kazi ya kuinama na kuinuka lakini ilikata maji moja kwa moja.

Sakafu nayo ilikuwa inadidimia mlangoni ukikanyaga. Haikuwa imeoza, zile tabaka zilikuwa zimeachana. Unatoboa matundu madogo kwenye plaiwudi ya juu kwa mpangilio, unaingiza gundi ya epoksi kwa bomba la sindano hadi ionekane kwenye tundu la jirani, unaziba kwa vijiti vya mbao na kuweka uzito juu hadi ikauke. Sasa hivi mama mkwe anasimama pale anapika, haisikiki hata mlio.

Mama_Kibibi, Houston

Niongeze umeme jamani, kwa sababu hapa mtu anaweza kuunguza kila kitu siku ya kwanza.

Trela dogo la Marekani lina plagi ya ampea 30, na inatumia volti 120. Fundi umeme wa nyumba akisikia ampea 30 kichwani mwake inakuja soketi ya mashine ya kukausha nguo, ambayo ni volti 240. Nilimwita fundi anifungie soketi pembeni ya gereji. Alipoondoka nikachukua mita kabla ya kuchomeka, ikasoma 240. Nikamrudisha abadilishe. Kama ningechomeka, kibadilishi kinachochaji betri kingekufa palepale, pamoja na kiyoyozi. Mita ni bei ya chakula cha mchana, nunueni.

Kingine, nyaya zilizoongezwa na wamiliki waliopita. Mimi niling'oa zote zilizofungwa kwa selotepu, nikavuta mpya, kila laini na fyuzi yake. Panya nao wanapenda ile sufi ya kuzuia baridi iliyojazwa ukutani na wanatafuna nyaya humohumo, kwa hiyo ukuta ukiwa wazi ndio wakati wenyewe wa kuangalia.

Fundi_Mjerumani, Hamburg

Wadau, gesi. Ujerumani karavani linakaguliwa mfumo wa gesi kila miaka 2 na unapewa cheti. Mpira na regulata vinabadilishwa kila miaka 10 hata kama vinaonekana vizima. Nimeona nilitaje hapa kwa sababu utaratibu huo ni mzuri hata kwa mlio nchi zisizowalazimisha.

Angalieni presha. Karavani nyingi kuukuu za huku zilijengwa kwa milibari 50, mpya ni 30. Jiko limeandikwa kwenye kibao chake linataka ngapi, na regulata ilingane nalo. Ukichanganya, ama moto unakuwa hafifu ama jiko linapata gesi kupita kiasi, na hilo la pili ni hatari kubwa. Baada ya kufunga, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungio na utazame mapovu. Usipime kwa kiberiti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni, kwa hiyo king'ora chake kinafungwa chini karibu na sakafu, na kina tarehe ya mwisho nyuma yake. Wengi wanakuta kilichokufa zamani.

Mwanakijiji_Usa River

Habari za huko wakuu. Mimi niko Arusha, nina ndugu Uingereza na mwingine Marekani, wote wananiambia wanaweza kunitafutia trela kuukuu nilitengeneze nilazie wageni. La wapi linafaa?

Binti_Tanga, Leeds

Kaka, la Uingereza. Huku tunaendesha kushoto kama nyumbani, kwa hiyo mlango uko upande wa kushoto, wageni wanashukia pembeni mwa barabara. La Marekani au Ujerumani mlango uko kulia, ukisimama barabarani mtu anashukia kwenye magari. Na umeme wetu huku ni volti 230 na plagi za miguu mitatu ya bapa, sawa na Tanzania na Kenya. La Marekani utahitaji transfoma kwa kila kitu. Ushuru ongea na wakala wa forodha kabla ndugu yako hajalipa.

Dereva_wa_Masafa, Ohio

Naunga mkono. Pia mwambie ndugu yako alinganishe namba ya chasi na ile ya kwenye hati kabla ya kutoa hata senti. Matrela mengi ya uani hayana hati.

MwanaMinnesota (mleta uzi)

Shukrani wote. Mama Kibibi, hiyo ya volti 240 naibandika ukutani gereji.

Kwa walio kwenye baridi kama mimi: kabla ya Oktoba kwisha toeni maji kwenye tangi, hita na pampu, kisha vuta ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, isiyo na sumu, kwenye mabomba hadi itoke kila koki, pamoja na choo. Maji yakiganda yanapasua bomba ndani ya ukuta na hujui hadi masika. Na ambao trela zenu ni za kabla ya 1978, vaeni barakoa mnapokwangua rangi, inaweza kuwa na madini ya risasi. Watoto wasiwe karibu.

Kupima kama umeziba vizuri: mtu mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji bila presha kubwa. Anza chini, panda juu taratibu, kiungio kimoja kimoja, kila kimoja dakika kadhaa. Ukianza juu, maji yanateremka kote na hutajua ni wapi palipovuja. Mwenye picha za pembe alizofungua aziweke hapa, hasa za mbele chini ya dirisha kubwa, nataka kuona wenzangu walivyoungia ile mbao ya mkunjo.