Mrejesho: mayai ya kuku waliotibiwa kwa antibiotiki

Niliuliza kama mayai ya kuku wangu wa mayai, hapa Njoro, yaweza kuuzwa au kuliwa wakati wanatibiwa mafua kwa oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kuchanganya na maji. Nawashukuru mliojibu.

Daktari wa mifugo alianza na pakiti yenyewe, akanionyesha mstari wa maandishi madogo unaotaja muda wa kusubiri kabla mayai hayajauzwa wala kuliwa, ambao huhesabiwa tangu dozi ya mwisho wala si ya kwanza, kisha akaeleza kwamba kiini cha yai hukua kwa siku kumi hivi kabla ya yai kutagwa, hivyo dawa anayokunywa kuku leo yaweza kutokea katika yai la wiki ijayo. Kuchemsha hakutoshi, kwa kuwa joto la jikoni haliondoi mabaki yote. Kuwalisha kuku mayai hayo, jambo ambalo jirani alilipendekeza kwa nia njema, kungewarudishia dawa ileile na kuuchafua muda wa kusubiri.

Niliyavunja na kuyafukia, mbali na kisima na mbwa. Hasara inauma, lakini sikubali mtoto wa mteja ameze dawa kidogo kidogo bila kujua, huku vijidudu vikizoea dawa tunazozitegemea hospitalini.

Sasa muda umekwisha na mayai yamerudi sokoni. Kabla ya kununua dawa nyingine, nitauliza agroveti kama inaruhusiwa kwa kuku wanaotaga, maana baadhi haziruhusiwi kabisa.