Mjadala: Je, Kanisa litanyakuliwa kabla ya dhiki kuu?

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba sibishi kuwapo kwa unyakuo. Mtume Paulo ameandika katika 1 Wathesalonike 4:17 kwamba walio hai watanyakuliwa katika mawingu ili wamlaki Bwana hewani, na kwangu hilo limekwisha. Ninachokipinga ni fundisho kwamba Kristo atakuja kwanza kwa siri kulichukua Kanisa, kisha, baada ya miaka 7 ya dhiki kuu, yaani kipindi cha mateso makali ya siku za mwisho, aje tena hadharani.

Tuisome barua yenyewe. Waumini wa Thesalonike walikuwa wamefiwa, nao walihofu kwamba wapendwa wao waliolala wangeikosa siku ya Bwana. Paulo anawajibu kwamba waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, wala walio hai hawatawatangulia, kisha anahitimisha: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Fungu zima ni la kuwaliwaza wenye msiba, na inaniuma kuona maneno hayohayo yakitumika kuwatisha watoto kwamba wataamka siku moja wakute wazazi wao wametoweka. Tena mstari wa 16 unataja mwaliko, sauti ya malaika mkuu na parapanda ya Mungu. Katika kishindo hicho, siri iko wapi?

Mathayo 24:40, penye watu wawili kondeni, mmoja akatwaliwa na mwingine akaachwa, hunukuliwa karibu kila mahubiri ya unyakuo, lakini ni wachache wanaorudi nyuma mstari mmoja tu. Hapo Yesu anazungumzia siku za Nuhu, na waliochukuliwa na gharika ni wale waliopotea, ilhali Nuhu na jamaa yake ndio waliosalia. Kwa mfano huo, kuachwa kunaweza kuwa ndiko kuokoka.

Hoja nzito zaidi ya wenye msimamo wa kabla ya dhiki, na ni haki kuikiri, ni Ufunuo 3:10, ambapo Kanisa la Filadelfia linaahidiwa kulindwa lisifikwe na saa ya kuharibiwa itakayoujia ulimwengu wote. Wanaongeza 1 Wathesalonike 5:9, kwamba Mungu hakutuweka kwa hasira yake. Nakubali kwamba hasira ya Mungu si fungu la waaminio. Hata hivyo, dhiki itokayo kwa wanadamu ni jambo jingine, na Yesu aliwaambia wanafunzi wake waziwazi kwamba ulimwenguni wangekuwa nayo. Katika Yohana 17:15 haombi watolewe ulimwenguni, bali walindwe na yule mwovu, na kwa maoni yangu ulinzi wa Filadelfia wafaa kusomwa kwa mwanga huo.

Historia nayo ina neno. Irenaeus, askofu aliyeishi karne ya 2 na kuungoja utawala wa Kristo duniani, alitarajia Kanisa liteswe na Mpinga Kristo kwanza. Unyakuo wa kabla ya dhiki, kama sehemu ya mpango kamili wa mambo ya mwisho, ulienezwa na mhubiri John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, kisha maelezo ya pembeni ya Biblia ya Scofield, yaani Biblia iliyowekewa maelezo na mhubiri Mmarekani C. I. Scofield na kutoka mwaka 1909, yakaufikisha kwa wasomaji wengi. Uchanga wa fundisho hauthibitishi kwamba ni la uongo, lakini unatosha kumzuia mtu asiwaite wazushi wale wasiolikubali. Kuhusu wanaotaja tarehe, kama alivyofanya mhubiri wa redio wa Marekani, Harold Camping, kwa tarehe 21 Mei 2011, sina la kuongeza juu ya Mathayo 24:36, kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba.

Kwa hiyo ndugu mnaoshikilia kwamba Kanisa litaondoka kabla ya dhiki, naomba mnijibu kutoka Mathayo 24:29–31. Yesu anasema ni baada ya dhiki ya siku zile ndipo malaika watakapowakusanya wateule wake kwa sauti kuu ya parapanda. Ikiwa wateule hao si Kanisa, ni andiko gani linalosema hivyo? Na ikiwa ni Kanisa, lile kusanyiko la kwanza, la kabla ya dhiki, limeandikwa wapi?