Hadithi zangu zinaboa na proposo za kazini zinarudishwa, nifanyeje?

Mleta mada: Wakuu habari, mi naandika hadithi usiku nikitoka job, naposti kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanasoma sehemu mbili tatu wanapotea, na kazini bosi anarudisha proposo zangu eti ndeeefu hajui nataka nini, sa nisome kozi au?

Jibu 1: Kozi baadaye mkuu. Kwenye proposo, ile "husika na kichwa cha habari hapo juu" halafu salamu nusu ukurasa inachosha, sentensi ya kwanza kabisa sema unaomba nini, shilingi ngapi, lini, maelezo yafuate. Mi nilikuwa naandika kurasa 4, siku hizi 1 na zinapita.

Jibu 2: Kwenye hadithi anza na mtu anafanya kitu, achana na jua lilikuwa linazama sijui upepo mwanana. Halafu soma kwa sauti, jirekodi hata na simu, pale ulimi unapokwama ndo pa kukata. Na ile "ka" usiiogope, akaingia akakaa akanyamaza, inakimbiza stori. Ila maongezi jamani, mama muuza chapati haongei kama taarifa ya habari!

Jibu 3: Naongezea, usihariri siku hiyohiyo, ilaze kwanza siku mbili. Na makosa ya kuandika "uku" na "iki" badala ya huku na hiki, r na l kuchanganywa, bosi anaziona hata asiposema.

Mleta mada: Duh nimefungua ya mwisho, jua linazama kweli 😂 nafuta