Naomba ushauri: kocha anayemtoa mrushaji aliye moto

Wakuu, habari zenu. Mimi ni shabiki wa Tampa Bay Rays, timu ya besiboli ya Marekani, na bado fainali ya 2020 inaniuma. Mchezo wa 6 wa mfululizo wa fainali dhidi ya Dodgers, tunaongoza 1-0. Mrushaji wetu Blake Snell ameshawatoa wapigaji 9 kwa straiki (mipira mitatu halali wanashindwa kuipiga vizuri), amerusha mipira 73 tu. Wapigaji watatu wa mwanzo wa Dodgers wamekutana naye mara mbili mbili, na kila mara wametoka kwa straiki! Awamu ya 6 akapigwa hiti moja (mpigaji akaupiga mpira na kufika kituoni salama), kocha wetu Kevin Cash akamtoa. Akaingia mrushaji mwingine, Nick Anderson; Mookie Betts wa Dodgers akaupiga mpira wake papo hapo, tukapinduliwa. Tukafungwa 3-1, ubingwa ukaenda.

Najua hoja ya makocha: mpigaji akimwona mrushaji yuleyule mara ya tatu, anakuwa ameshamsoma. Takwimu za misimu mingi zinaonyesha hivyo. Lakini usiku ule macho yalikuwa yanaona kitu kingine kabisa.

Mnaoufuatilia mchezo huu kwa undani, naomba mnisaidie. Ni dalili gani mnaangalia kujua mrushaji amechoka kweli? Kasi ya mpira, au namna anavyokosa shabaha? Kila msimu nikiona kocha anatembea kuelekea kilimani, pale anaposimama mrushaji, roho inanidunda.